Jike wa fereti akiingia joto: dume tasa, sindano, kijiti au kisu?

Fereti, yule mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche anayefugwa ili kufurusha sungura mashimoni, ana shida moja ambayo mifugo mingi haina: jike akiingia joto hatoki mwenyewe. Ng'ombe asipopandwa, joto hupita upesi na kurudi baada ya siku 21 hivi. Mbwa humaliza wiki zake 3 akatulia. Fereti mayai yake hayaachiliwi mpaka apandwe, na asipopandwa anaweza kukaa kwenye joto msimu mzima. Kaskazini mwa dunia msimu huo ni Machi hadi Agosti au Septemba. Kusini kabisa mwa ikweta ni Septemba hadi Februari hivi.

Muda wote huo damu yake imejaa estrojeni, homoni ya jike, na estrojeni nyingi ikikaa muda mrefu hunyausha uboho, mahali damu inapotengenezwa. Chembe nyekundu zinapungua, zile za kupambana na maradhi zinapungua, na zile za kugandisha damu nazo zinakwisha. Takriban nusu ya majike wanaoachwa hivyo hupata upungufu huu wa damu, na ukishakolea wengi hawaponi. Kumwacha tu, basi, hakumo kwenye ulinganisho huu.

Kwanza ujue siku aliyoingia

Njia yoyote utakayochagua inategemea tarehe, na tarehe huipati kwa kukisia. Kuanzia siku zinapoanza kurefuka, mshike kila jike mara moja kwa wiki: mkono mmoja chini ya makwapa, mwingine ushike makalio, mgeuze tumbo juu, inua mkia. Uke wa jike asiye kwenye joto ni mkato mdogo tu, unaweza hata kuukosa kwenye manyoya. Akiingia joto huvimba, ukawa wa waridi na wenye unyevu, na ndani ya wiki 2 hadi 3 hufikia ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Ukishauona mara moja huwezi kuuchanganya na kitu kingine.

Andika tarehe kwenye kadi, uibandike kwenye mlango wa banda. Hesabu yenyewe ni fupi: ndani ya siku 14 uwe umechukua hatua, zikifika 30 jike yuko hatarini, hata kama anakula na kucheza kama kawaida. Uboho hauharibiki kwa kelele.

Jambo moja linalowashangaza wengi ni taa. Fereti huongozwa na urefu wa mchana, si kalenda. Jike anayelala kwenye chumba chenye taa hadi saa 4 usiku anaweza kuingia joto katikati ya majira ya baridi, wakati mwenye naye hajaanza hata kukagua. Ukiona majike wa bandani bado wametulia na wa ndani ya nyumba amevimba, tazama taa kwanza. Kuwafupishia mwanga huchelewesha joto, lakini usilitegemee kama kinga.

Kwa mtazamo mmoja

| Njia | Inafanya nini | Muda wa nafuu | Kuzaa baadaye | Kikwazo kikubwa |
|---|---|---|---|---|
| Dume tasa | Anampanda, mayai yanaachiliwa, hakuna mimba | Siku 41–43 kila mara, wakati mwingine zaidi | Ndiyo | Majeraha ya shingo, maradhi kutoka banda la mwingine |
| Sindano ya kuzuia (proligestoni) | Inafunga joto lisianze | Kwa kawaida msimu mmoja | Ndiyo | Upatikanaji, na baadhi hurudi joto mwishoni mwa msimu |
| Sindano ya kutoa joto (homoni za hCG au buserelini) | Inaachilia mayai bila dume | Kama dume tasa | Ndiyo | Kurudiarudia |
| Kijiti cha desloreleni (dawa inayowekwa chini ya ngozi) | Kinanyamazisha ovari | Mwaka 1 hadi 2, hutofautiana | Ndiyo, kikiisha | Uvimbe wa siku za mwanzo, kuisha bila taarifa |
| Kisu (kutoa ovari na kizazi) | Kinaondoa ovari kabisa | Maisha | Hapana | Ugonjwa wa tezi za adrenali (zilizo karibu na figo) |

Kumzalisha hakumo kwenye jedwali kwa makusudi. Mimba ni siku 42, watoto wanaweza kuwa 8 na kuzidi, na wiki 2 hivi baada ya kuwaachisha kunyonya jike anaweza kuingia joto tena msimu ule ule. Aliyezaa watoto wachache anaweza hata kurudi joto akiwa bado ananyonyesha. Zalisha kama unataka watoto na una pa kuwapeleka. Kama njia ya kumtoa kwenye joto, ni kununua shida 8 ili uondoe moja.

Dume tasa

Huyu ni dume aliyekatwa mirija ya mbegu, korodani zikaachwa. Hapa ndipo wanaoanza hukosea: dume aliyehasiwa hafai, kwa sababu korodani zikitolewa hamu ya kupanda hupotea. Daktari akuelewe vizuri kabla ya kumlaza mezani. Wakati mzuri wa upasuaji ni dume akiwa kwenye msimu, korodani zimeshuka na kujaa, kwani nje ya msimu husinyaa na mirija inakuwa taabu kuipata.

Baada ya upasuaji mbegu hai bado zimo njiani. Mpe wiki 6 hadi 8 kabla ya kumkutanisha na jike yeyote, la sivyo mimba ya kwanza itakuwa ya kweli. Maana yake dume wa kutumika Machi anatakiwa awe amepasuliwa mapema Januari. Madume huingia msimu kabla ya majike, kwa hiyo hilo linawezekana. Halafu mwekee chipu au alama isiyofutika. Dume tasa na dume kamili wanafanana kwa kila kitu: harufu kali, manyoya ya mafuta yenye umanjano, ugomvi. Wakichanganywa kwenye usafishaji wa banda hutajua mpaka siku ya 42.

Kupanda kwao si jambo la upole. Dume ana uzito wa kama mara mbili ya jike. Humshika shingo kwa meno, humburuta, na tendo lenyewe linaweza kuchukua robo saa au hadi saa 3. Jike hupiga kelele. Usimtenganishe kwa huruma, kwani huko kushikwa na kuburutwa ni sehemu ya kinachosababisha mayai yaachiliwe, kati ya saa 30 na 40 baadaye. Mwache naye siku nzima, usiku ukiwemo, kwenye banda la dume, lisilo na waya unaochoma wala vyombo vya kuanguka. Ukimtoa asubuhi utakuta manyoya ya kisogo yamelowa na kushikamana, na chini yake vitundu vya meno. Hiyo ndiyo alama kwamba kazi imefanyika.

Kisha angalia nyuma. Ndani ya wiki moja uvimbe huanza kupoteza unyevu na kukunjamana kama zabibu kavu. Kufikia wiki ya 2 au ya 3 umeisha. Kama siku ya 14 bado umejaa na unang'aa, mayai hayakuachiliwa. Mrudishe kwa dume, au tumia sindano. Dume mchanga wa msimu wa kwanza mara nyingi ndiye mwenye kosa: humshika jike ubavuni badala ya shingoni na kumaliza siku nzima akizunguka naye.

Kinachofuata ni mimba hewa ya siku 41 hadi 43. Baadhi ya majike hawaonyeshi chochote. Wengine hunenepa, hung'oa manyoya kwa ajili ya kiota, hutoa maziwa, hubeba soksi au mwenzao mdogo na kumlinda kwa meno. Jike wa aina hiyo usimpeleke kazini siku za mwisho za mimba hewa. Akipata shimo lenye kiota kikavu ana kila sababu ya kukaa humo, nawe utachimba. Mimba hewa ikiisha na mchana bado mrefu, hurudi joto. Tarajia kupandwa mara 2, pengine 3, kwa msimu.

Sasa suala la kola, ambalo ndilo linalomhusu mfugaji wa fereti wa kazi kuliko mtu anayefuga wa kuchezea nyumbani. Kola yenye kisambaza mawimbi, ile ya kumtafutia jike chini ya ardhi, hukaa pale pale dume anapong'ata. Kidonda cha meno chini ya mkanda wenye udongo na damu ya sungura hugeuka jipu ndani ya siku chache. Safisha vitundu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, mara mbili kwa siku, na asivae kola mpaka magamba yadondoke yenyewe. Bila kola usimwingize shimoni. Hesabu siku 7 hadi 10 za kupumzika, kwa kila jike, kwa kila kupandwa.

Dume wa kuazima ana mtego wake. Mate, mkojo na damu ndiyo njia za ugonjwa wa Aleutian, ugonjwa wa virusi wa fereti na minki usio na chanjo wala tiba, na dume anayezungushwa kutoka banda hadi banda akiwang'ata majike shingoni ni msambazaji wa kila kitu: virusi, utitiri wa masikio, viroboto. Kama lazima umwazime, apimwe damu msimu huo huo, masikio yakaguliwe, na akae peke yake kwanza. Ukiwa na majike 4 au zaidi ni afadhali uwe na wako. Kwa jike mmoja, kumlisha na kumtunza dume mwenye harufu mwaka mzima kwa ajili ya kazi ya siku 2 au 3 hakuna hesabu.

Sindano mbili zinazochanganywa

Watu husema "sindano ya joto" kana kwamba ni moja. Zipo mbili na zinafanya kazi kinyume.

Ya kwanza ni proligestoni, inayozuia joto lisije. Dozi ya kawaida ni miligramu 50 chini ya ngozi, yaani nusu mililita ya dawa yenye miligramu 100 kwa mililita. Hupigwa kabla uvimbe haujaanza, mwezi mmoja hivi kabla ya msimu. Kwa majike wengi sindano moja hufunga msimu wote. Wachache, hasa waliochomwa mapema sana, huvimba tena mwishoni mwa kiangazi, wakati mwenye nao ameshaacha kukagua. Kwa hiyo ukaguzi wa wiki hauishi kwa sababu umechoma. Inawasha wakati wa kuingia, na manyoya ya pale yanaweza kudondoka au kuota na rangi nyingine. Mwombe daktari aepuke mstari wa kola. Mara chache jike hupata mzio wa ghafla, kwa hiyo subiri nusu saa kliniki kabla ya kuondoka. Jike mwenye usaha au uchafu ukeni asipigwe kabla ya kutibiwa, kwani dawa za aina hii zinaweza kuchochea maambukizi ya kizazi. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hakuna kidonda cha shingo, hakuna mimba hewa, na kesho yake anaweza kuvaa kola. Ubaya ni kwamba dawa huadimika. Ulizia miezi 2 kabla, usingoje uvimbe.

Ya pili, hCG au buserelini, haizuii chochote. Inafanya kazi ya dume: inaamrisha ovari ziachilie mayai ya jike aliyekwisha kuingia joto. hCG hupigwa kwa vizio 100 kwenye msuli, na haifai kabla ya siku ya 10 ya joto, kwa sababu mayai bado hayajapevuka na dawa itapita bure. Ndiyo sababu nyingine ya ile kadi mlangoni. Baada yake mambo ni kama ya dume tasa, mimba hewa ikiwemo, isipokuwa majeraha. Uvimbe usiposhuka baada ya wiki moja au mbili hurudiwa. hCG ni protini ya kigeni mwilini mwa fereti. Ukiirudia kila mwezi, mwili unaweza kuizoea au kuikataa kwa mzio. Ni dawa nzuri ya kuokolea, mbovu ya kupangia msimu.

Kijiti

Kijiti cha desloreleni cha miligramu 4.7 kina urefu wa milimita 12 na unene wa 2.3. Kinaingizwa chini ya ngozi kwa sindano nene, kwa hiyo madaktari wengi humlaza jike kwa dakika chache. Sehemu ya kawaida ni kati ya mabega. Kwa jike wa kazi kisogezwe nyuma kidogo, mbali na mkanda wa kola. Hakuna mshono.

Namna kinavyofanya kazi ndiyo chanzo cha malalamiko mengi. Kwanza kinaichokonoa tezi ya ubongoni kwa nguvu, ndipo inachoka na kunyamaza. Katika siku hizo za mwanzo jike asiye kwenye joto anaweza kuvimba kama aliye kwenye joto, na uvimbe ukakaa hadi wiki 2. Mwenye naye husema kijiti kimekataa, hudai kingine. Subiri. Kikiwekwa kwa jike aliye tayari kwenye joto, huo mchokonoo huachilia mayai, na mimba hewa inaweza kufuata. Kwa jike wa kazi wakati mzuri ni majira ya mapukutiko au mwanzo wa baridi, joto likiwa mbali, siku chache kabla hujaanza kuwinda kwa bidii.

Nafuu yake ni mwaka hadi miwili, na tofauti kati ya jike na jike ni kubwa. Hakuna kengele inayolia kikiisha: dalili ya kwanza ni uvimbe wenyewe. Kosa la mfugaji wa vijiti ni kusahau kukagua mwaka wa pili. Kwa upande mwingine, anayetaka kumzalisha mwaka mahususi hawezi kupanga kwa uhakika, kwa sababu kijiti kinaweza kuwa bado kinafanya kazi msimu anaoutaka. Kiko cha miligramu 9.4 pia, kinachodumu zaidi na kinachotumika zaidi kwa madume. Kukitumia kwa jike ni uamuzi wa daktari.

Kisu

Kutoa ovari na kizazi ndiyo njia inayopendwa na watu wa mbwa na paka, na kwa wanyama hao ina mantiki. Kwa fereti ina deni linalodaiwa baadaye. Ovari zikiondoka, hakuna kinachoiambia tezi ya ubongoni ipunguze amri zake. Amri hizo huenda kuzipiga tezi za adrenali mwaka baada ya mwaka, hadi nazo huota uvimbe na kuanza kutoa homoni za jinsia. Dalili huja miaka 3 au 4 baada ya upasuaji: manyoya yanapukutika kuanzia mkiani, jike anawashwa, na uke unavimba kwa mnyama asiye na ovari. Uvimbe huo unaweza pia kutokana na kipande cha ovari kilichosahauliwa. Daktari ndiye atakayetofautisha.

Kama bado kisu ndicho chaguo, kwa mfano kizazi kina usaha, afanyiwe nje ya joto. Jike aliye kwenye joto ana mishipa iliyojaa, na kama ameshakaa humo muda mrefu damu yake haigandi vizuri. Asinyimwe chakula usiku kucha kama mbwa: chakula hupita tumboni mwa fereti kwa saa 3 au 4, na njaa ndefu hushusha sukari. Saa 3 hadi 4 za kufunga zinatosha. Apumzike siku 14 kabla ya mashimo. Madaktari kadhaa huweka kijiti pamoja na upasuaji, au badala yake, ili kuzituliza zile amri za ubongoni. Ukisikia hivyo usidhani unatozwa mara mbili bila sababu.

Nani achukue kipi

Jike 1 au 2, wasiozaa, wanaofanya kazi msimu mzima wa baridi: kijiti. Ukitarajia kuzalisha mwaka kesho: proligestoni, kwa sababu mwisho wake unakadirika. Majike 4 na zaidi, mwenye nafasi ya banda la pekee: dume tasa wako mwenyewe, na sindano ya hCG kwa wale ambao dume amewashindwa. Anayewinda mwaka mzima kwa kazi ya kupunguza sungura mashambani aepuke dume, maana vidonda vya shingo na mimba hewa vitamla wiki nyingi za kazi. Kisu kibaki kwa sababu za ugonjwa.

Jike aliye kwenye joto akisubiri zamu yake anaweza kufanya kazi, lakini uke uliovimba hukokotwa kwenye udongo na visiki. Osha kwa maji ya uvuguvugu akirudi, na toa nyasi kavu na maranda ya mbao bandani; mbegu na vibanzi huingia na kuleta usaha. Mtandikie karatasi au taulo kuukuu. Madume kamili wasiingizwe kwenye shimo moja naye: watamfuata yeye, sungura atoke zake.

Ukichelewa

Funua mdomo, tazama fizi. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, au kuna vidoa vyekundu chini ya ngozi ya tumbo, miguu ya nyuma inayumba, choo cheusi kama lami, manyoya yanapungua pande zote mbili za mwili kwa usawa, aende kwa daktari siku hiyo hiyo. Kipimo cha kwanza ni kiwango cha chembe nyekundu kwenye damu: jike mzima huwa juu ya asilimia 40, chini ya 25 ni hali mbaya, na chini ya 15 anahitaji kuongezewa damu. Hapo fereti ana bahati moja, hana makundi ya damu yanayojulikana, kwa hiyo fereti mkubwa mwenye afya anaweza kumchangia. Chukua dume wako mzito uende naye. Lakini asimpande. Damu isiyoganda pamoja na meno ya dume shingoni vinaweza kummaliza usiku ule ule, kwa hiyo jike wa namna hii anatolewa kwenye joto kwa sindano tu, naye akae mahali pa joto, peke yake, mpaka fizi zirudi rangi.